Springi Moja, Kazi Nne: Mafundi wa Magari ya Kwanza Walivyosaka Ugonjwa wa Gari

Chukulia ni mwaka 1912 na wewe ni fundi. Mtu anakuletea gari na malalamiko matatu: linalia kama mlango wenye bawaba kavu, linarusha abiria kwenye kila shimo, na hata barabara ikiwa imenyooka halitaki kwenda moja kwa moja mpaka dereva apigane na usukani. Fundi wa leo angegawa kazi haraka tu. Kelele, angalia bushi. Kurusha, angalia shokapu. Kuvuta upande, angalia alaimenti. Wewe wa 1912 huna njia hiyo ya mkato. Gari lenyewe huenda halina shokapu hata moja. Dalili zote tatu zinaweza kutoka sehemu moja, lile rundo la mabapa ya chuma lililofungwa kati ya ekseli na chesisi. Zinaweza pia kutoka sehemu tatu tofauti, ambazo zote zimejificha nyuma ya rundo hilohilo.

Hapo ndipo penye utamu wa historia hii. Kwenye magari ya mwanzo springi haikuwa springi tu. Ilibeba uzito. Iliishika ekseli mahali pake isiende mbele, nyuma wala kando. Ilizima mtikisiko wake yenyewe kwa msuguano wa bapa na bapa. Na kwenye magari mengi yaliyoendeshwa kwa shafti, springi za nyuma ndizo zilizolisukuma gari, maana nguvu ya magurudumu ilipita kwenye springi kabla ya kuifikia chesisi. Kazi nne, chuma kimoja. Ukirekebisha moja unaiharibu nyingine, na ikiharibika moja inaisingizia nyingine. Ukiniuliza mimi, miaka arobaini ya kwanza ya mambo haya, kuanzia miaka ya 1890 hadi 1934 hivi, ni hadithi ya watu waliokuwa wakizitenganisha hizo kazi nne, mara nyingi bila kujua kwamba ndicho wanachokifanya.

Urithi wa farasi

Springi za mabapa hazikubuniwa kwa ajili ya gari la injini. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za umbo la yai kwa magari ya farasi, na kwa karne nzima iliyofuata mafundi wa magari hayo walizijua kama mama anavyomjua mtoto wake. Farasi akitembea kwa haraka anakwenda kilomita 12 au 15 kwa saa. Kwa mwendo huo springi yenye msuguano mwingi haina shida: inabonyea, inalia kidogo, inatulia.

Karl Benz na wenzake walipoanza kuuza magari ya injini miaka ya 1880 na 1890, walizichukua springi hizo zilivyo. Kilichobadilika ni mwendo. Ukiendesha kwa kasi mara mbili juu ya jiwe lilelile, gurudumu linarushwa juu kwa kasi mara mbili, na nishati ya pigo inakuwa mara nne. Matairi ya upepo yalisaidia sana. Ndugu André na Édouard Michelin waliingiza gari lenye matairi hayo kwenye mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris mwaka 1895, wakapata pancha nyingi ajabu, lakini wakaonyesha kwamba inawezekana. Tairi la upepo likawa springi ya kwanza kabla ya springi. Ila tairi linapunguza mapigo madogo tu, shimo la maana bado linaifikia springi.

Mwanafizikia aliyejificha kwenye karakana

Mtu wa kwanza ninayemwona akiuliza swali kwa lugha ya namba ni Frederick Lanchester wa Birmingham, aliyejenga gari lake la kwanza mwaka 1895–96. Wengine walikuwa wakiuliza springi iwe na nguvu kiasi gani isivunjike. Lanchester aliuliza binadamu amezoea kutikiswa kwa mwendo gani. Jibu lake lilikuwa kutembea. Mwili wako unapanda na kushuka kwa kila hatua tangu ulipokuwa mtoto, na tumbo halilalamiki. Basi gari nalo libembee kwa mwendo huohuo, mara 90 hivi kwa dakika.

Hisabati yake ni nyepesi mno kuiacha. Pima springi imebonyea sentimita ngapi kwa uzito wa gari lenyewe likiwa limesimama. Chukua kipeuo cha pili cha namba hiyo, halafu gawanya 300 kwa jibu ulilopata. Utapata idadi ya mabembeo kwa dakika. Springi iliyobonyea sm 4 inabembea mara 150 kwa dakika, na hiyo ni mateso kwa mgongo. Iliyobonyea sm 11 inabembea mara 90, ile ya Lanchester. Huhitaji kujua chuma ni cha aina gani, wala gari lina kilo ngapi. Rula inatosha.

Sasa ona alichofanya baada ya hapo. Springi laini namna hiyo haiwezi kushika ekseli vizuri, itaiachia icheze. Kwa hiyo Lanchester akaongeza vyuma vya pembeni vya kuiongoza ekseli, springi ibaki na kazi ya kubeba. Hiyo ni miaka ya 1890! Wengi wa wenzake iliwachukua miongo mitatu zaidi kufika hapo.

Grisi au hapana?

Turudi kwenye gari letu linalolia. Mabapa yakibonyea yanateleza moja juu ya jingine. Maji na vumbi vikiingia katikati, kutu inafuata, na kelele nazo. Dawa iliyokuwa ikitolewa ilijulikana na kila mtu: inua chesisi kwa jeki ili springi isibebe uzito, tenganisha mabapa kidogo kwa patasi au kwa chombo maalumu, pakaza grisi iliyochanganywa na unga wa grafaiti, funga. Wenye pesa walivalisha springi zao mifuko ya ngozi iliyojazwa grisi, kama soksi, ili mvua isiingie tena.

Kelele zinakwisha. Siku mbili baadaye mteja anarudi: gari sasa linabembea kama mtumbwi. Fundi ameharibu nini?

Hajaharibu kitu. Ameondoa msuguano, na ule msuguano ndio uliokuwa shokapu. Kabla ya grisi springi ilikuwa inasimama yenyewe baada ya kubembea mara mbili, sasa inaendelea mpaka mara tano au sita. Kwa hiyo mafundi wakagawanyika. Wako waliosema springi ipakwe grisi kila mara, wako waliosema iachwe kavu. Na wote walikuwa na mashahidi.

Fizikia inaonyesha kwa nini mgogoro huo usingeisha. Msuguano wa chuma kwa chuma una nguvu karibu ileile, iwe mabapa yanateleza polepole au haraka. Tufanye pembe moja ya gari imebeba kilo 200, na msuguano kati ya mabapa unahitaji kilo 30 kushindwa. Barabara yenye vijiwe inapiga kwa nguvu ya kilo 20: springi haisogei hata kidogo, imejifunga kama fimbo, na gari zima linarukaruka juu ya matairi tu. Halafu linakuja shimo kubwa linalopiga kwa kilo 300. Hapo zile kilo 30 hazizuii chochote cha maana, na gari linarushwa. Yaani msuguano unakuwa mwingi pale usipotakiwa na unakuwa kidogo pale unapotakiwa. Ukipunguza kwa grisi unaponya barabara ya vijiwe na kuongeza ugonjwa wa mashimo. Hakuna kiasi cha grisi kinachotibu vyote viwili.

Kuna jaribio moja zuri la kupima msuguano huo, ambalo unaweza kulifanya hata leo chini ya pikapu ya zamani. Bonyeza kona ya gari chini kwa nguvu, iachie taratibu, pima urefu kutoka ekseli hadi chesisi. Sasa inyanyue kona hiyohiyo, iachie taratibu, pima tena. Springi isiyo na msuguano ingekupa namba moja. Ya mabapa yenye kutu itakupa namba mbili, na tofauti yake ikiwa kubwa ujue mabapa yameshikana. Ndiyo maana pia mtu aliyepima urefu wa gari mara moja tu, akasema springi ya kushoto imechoka, angeweza kununua springi mpya bure.

Inavunjika ikirudi

Bapa kuvunjika lilikuwa tukio la kawaida, na hapa akili ya kawaida inadanganya. Unaingia kwenye shimo, unasikia kishindo, unasema shimo limevunja springi. Mara nyingi bapa la juu, lile refu lenye masikio ya kushikia pini, linaumia wakati wa kurudi. Springi ikibonyea, mabapa yote yanasukumana na kugawana mzigo. Ikijirudisha kupita kiasi, chesisi inarushwa juu huku ekseli ikiivuta springi chini, mabapa mafupi yanaachana na lile refu, na lile refu linabaki peke yake. Mafundi walipolielewa hilo wakaongeza vibanio vyembamba vya kuyafunga mabapa pamoja karibu na ncha. Vipo mpaka leo chini ya malori, chungulia utaviona.

Ufa wa pili ulikuwa katikati, kwenye tundu la bolti inayoyashona mabapa. Tundu ni udhaifu, lakini halina neno ikiwa zile bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli zimekazwa sawasawa, kwa sababu sehemu iliyobanwa haipindi. Zikilegea, kupinda kunafika mpaka kwenye tundu, na siku moja panakatika. Fundi mzoefu hakusubiri kukatika. Aliangalia kama kuna mng'ao wa chuma kilichosuguliwa au unga mwekundu wa kutu pembeni ya bolti za U. Unga mwekundu ni ushahidi kwamba kitu kilichotakiwa kutulia kinasogea.

Na bolti ya katikati ikikatika yenyewe? Gari linaendelea kutembea. Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote, maana dalili yake haifanani kabisa na springi. Ekseli inateleza nyuma upande mmoja, sentimita moja au mbili tu, na gari linaanza kwenda kiupandeupande kama kaa. Dereva anasema usukani mbovu. Tairi linakwisha upande. Unaweza kubadilisha kila kitu kwenye usukani na usipone. Kipimo chake ni kamba: pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma upande wa kulia, halafu kushoto. Zikitofautiana, acha usukani, nenda kwenye springi. Ile kazi ya pili, ya kuishika ekseli, imekufa huku kazi ya kwanza ikiendelea vizuri tu.

Ford alivyoligawa tatizo

Model T ilitoka Oktoba 1908, na hadi ilipoachwa mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Henry Ford aliweka springi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zikiwa zimelazwa kwa upana wa gari badala ya urefu, za chuma chenye vanadi, kigumu kuvunjika kuliko vingi vya wakati ule. Ekseli ya mbele ilishikwa na vyuma viwili vilivyokutana kama herufi V na kuishia kwenye gololi moja chini ya injini. Ya nyuma ilishikwa kwa namna inayofanana, na msukumo wa magurudumu ulipita kwenye bomba lililofunika shafti. Kwa hiyo springi ya Model T haikusukuma gari, wala haikuzuia ekseli isiende mbele na nyuma. Gurudumu moja lingeweza kupanda juu ya kisiki huku jingine likiwa mtaroni, na chesisi isipindwe. Kwa barabara za mashambani Marekani, zilizokuwa matope na mifereji ya magurudumu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko starehe.

Lakini kazi iliyohamishwa inahama na ugonjwa wake. Ile gololi chini ya injini ilikaa kwenye kikombe kilichofungwa kwa kifuniko chenye bolti. Kikilegea, ekseli nzima ya mbele inapata nafasi ya kucheza, na gari linatangatanga barabarani. Zile V zikipinda kwa kugonga kitu, pini ambazo magurudumu yanageukia hazilali tena nyuma inavyotakiwa, na usukani unapoteza tabia ya kujirudisha katikati. Kando bado ekseli ilishikwa na springi yenyewe kupitia pingu zake za pembeni, zenye vikombe vidogo vya mafuta vilivyotakiwa kujazwa mara kwa mara. Visipojazwa, bushi zinalika na gari linayumba kulia na kushoto. Kwa hiyo mtu aliyekuja na Model T inayotangatanga alikuwa na sehemu tatu za kuangaliwa, na kwa bahati nzuri zote zilionekana kwa macho: mmoja anashika usukani na kuutikisa, mwingine analala chini na kutazama nini kinachosogea kabla ya magurudumu. Sidhani kama kuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Kutafuta msuguano wenye akili

Model T haikuwa na shokapu kutoka kiwandani. Kwa magari mengine, jibu la kwanza lilitoka kwa Mfaransa Jules Truffault, aliyekuwa akishughulika na baiskeli mwishoni mwa karne ya 19. Mmarekani Edward Hartford akalichukua wazo lake na kuliuza kwa ajili ya magari: mikono miwili kama mkasi, mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye ekseli, na katikati visahani vinavyosuguana, vikikazwa kwa nati moja. Kwa mara ya kwanza kazi ya kuzima mtikisiko iliondolewa kwenye mabapa. Sasa ungeweza kupaka springi grisi mpaka iteleze kama sabuni, msuguano utaupata kwenye nati.

Ugonjwa mpya ulikuwa nati yenyewe. Wenye magari waliikaza mpaka springi ikajifunga, wakalalamika kwamba springi ni ngumu. Au visahani vililika, nati ikabaki palepale, na gari likaanza kuruka tena bila mtu kuigusa. Halafu msuguano wa Hartford bado ulikuwa msuguano mkavu, wenye kasoro ileile ya mabapa, ila sasa unaweza kuurekebisha. Kilichotakiwa ni kitu kinachosubiri: kisipinge polepole, kipinge sana haraka. Mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye tundu dogo yanafanya hivyohivyo. Jaribu kusukuma sindano ya hospitali isiyo na sindano yake, yenye maji ndani. Polepole haina ubishi, kwa nguvu inakukatalia. Mfaransa Maurice Houdaille alikuwa ametengeneza shokapu ya mafuta ya aina hiyo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Ford Model A ilipokuja mwishoni mwa 1927, ilikuwa na shokapu za Houdaille magurudumu yote manne. Gari la bei ya chini! Ule ugomvi wa grisi au hapana ulikuwa umekwisha kimyakimya.

Shimi: ugonjwa usio na kifaa kibovu

Sasa tunafika kwenye kesi iliyowashinda mafundi.

Kuanzia 1923 yaliingia sokoni matairi mapana yenye upepo mdogo, laini sana kuliko yale membamba magumu ya zamani. Miaka hiyohiyo breki zikaanza kufungwa kwenye magurudumu ya mbele. Vyote viwili ni maendeleo. Na vyote viwili vilileta balaa: gari zima, jipya, likifika mwendo fulani, magurudumu ya mbele yanaanza kutikisika kulia na kushoto kwa kasi, usukani unapiga mikono, mwisho gari zima linatetemeka mpaka usimame. Wamarekani wakauita ugonjwa huo shimi, jina la dansi ya kutikisa mabega iliyovuma wakati huo.

Mafundi walifanya kila walichojua. Walikaza usukani. Walibadilisha kingpini na bushi. Walijaza upepo zaidi, dawa iliyosaidia kwa kuua faida yote ya tairi jipya. Walichomeka kabari kati ya springi na ekseli kubadilisha mlalo wa kingpini. Gari moja lilipona, la pili la aina ileile likazidi. Na kibaya zaidi, ungeweza kulifungua gari lote, ukapima kila kipande, usikute kilicholika. Utaratibu wote wa fundi, wa kutafuta kifaa kibovu, ulikuwa unauliza swali lisilo na jibu.

Ili kuelewa kilichotokea, chukua gurudumu la baiskeli, shika mhimili wake kwa mikono miwili, mwenzako alizungushe kwa kasi. Sasa jaribu kuliinamisha upande. Halikutii: linageuka kushoto au kulia, kama pia inavyokataa kuanguka na badala yake kuzungukazunguka. Kwenye gari la ekseli moja ya mbele, magurudumu mawili yameshonwa pamoja na chuma kigumu. Gurudumu la kulia likipanda juu ya jiwe, ekseli inainama, na magurudumu yote mawili, yakiwa yanazunguka, yanajigeuza upande. Yakijigeuza yanaifanya ekseli iiname tena upande wa pili, inayapindua tena, na kadhalika. Matairi laini yanaipa ekseli nafasi ya kucheza, breki zinaongeza uzito wa kuchezesha. Kwa mwendo fulani mabembeo hayo mawili, la kuinama na la kugeuka, yanaoana na kulishana, kama unapomsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati unaofaa kila mara. Kila kifaa ni kizima. Kinachoumwa ni uhusiano wao.

Huko Ufaransa Georges Broulhiet aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1925, na Dimitri Sensaud de Lavaud naye alilifanyia hisabati miaka hiyo. Hitimisho lilikuwa halipendezi kwa mwenye gereji: njia ya kweli ya kuukomesha ni kuwatenganisha pacha hao, kila gurudumu la mbele liwe na njia yake ya kupanda na kushuka bila kuinama. Yako magari yaliyokuwa yameshafanya hivyo. Vijigari vya Morgan vya magurudumu matatu tangu karibu 1910, na Lancia Lambda ya 1922, vilikuwa na magurudumu ya mbele yanayoteleza kila moja kwenye nguzo yake. Lakini viwanda vikubwa vilikuwa na mashine zilizokwisha lipiwa za kutengeneza ekseli nzima, na shimi haikuwa inaua watu wengi kiasi cha kuzitupa.

Olley na gari la mizigo ya kuhamisha

Kilichowasukuma Wamarekani mwishowe hakikuwa shimi peke yake. Mwingereza Maurice Olley, aliyefanya kazi Rolls-Royce, alihamia Cadillac mwishoni mwa 1930, na mwaka 1932 yeye na wenzake walijenga gari la majaribio kutoka kwenye Cadillac ndefu ya abiria saba. Lilikuwa na mizigo iliyoweza kuhamishwa mbele na nyuma, na springi zilizoweza kubadilishwa. Waliliita K mraba, kutokana na herufi ya hisabati inayoelezea jinsi uzito ulivyotawanyika mbali na kitovu. Kipimo chao kilikuwa makalio yao wenyewe: endesha, hamisha mizigo, endesha tena, linganisha.

Wakagundua jambo lililopindua desturi iliyorithiwa kutoka kwenye magari ya farasi. Watu wote waliweka springi ngumu mbele, laini nyuma. Olley alikuta kwamba inatakiwa kinyume, za mbele ziwe laini zaidi. Sababu ni wakati. Gari lenye urefu wa mita 3 kati ya ekseli, likienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu la nyuma linafika kwenye tuta sekunde 0.18 baada ya la mbele. Upande wa mbele umeshaanza kubembea. Ikiwa nyuma inabembea haraka kidogo kuliko mbele, inaufikia upande wa mbele, gari lote linapanda na kushuka pamoja, na abiria hasikii ile hali ya kuinama mbele na nyuma kama mtu anayesinzia kanisani.

Basi lainisha springi za mbele, kazi imekwisha? Hapana, na hapa ndipo zile kazi nne zilipogombana waziwazi. Springi ya mabapa iliyo laini inaponyoka ukikanyaga breki: inajikunja kama herufi S, ekseli inazunguka, mlalo wa kingpini unabadilika, na shimi inarudi kwa nguvu mpya. Springi laini haiwezi kushika ekseli. Ukitaka starehe aliyoihesabu Lanchester, lazima springi iachiwe kazi moja tu, kubeba, na mikono ya chuma ifanye kazi ya kushika, na shokapu ya mafuta ifanye kazi ya kuzima.

Mwaka 1934 magari ya General Motors yalitoka hivyo mbele. Cadillac, Buick na Oldsmobile zilikuwa na mikono miwili kila upande, wa juu mfupi na wa chini mrefu, na springi ya koili. Chevrolet na Pontiac zilitumia mfumo wa Mfaransa André Dubonnet, springi ikiwa imefungiwa ndani ya kopo lenye mafuta. Kopo likivuja mafuta, starehe nayo inavuja, na Chevrolet iliuacha mfumo huo kabla miaka ya 1930 haijaisha. Ile mikono miwili mifupi kwa mirefu ndiyo iliyobaki, na baadhi ya pikapu zinazopita mbele yako leo bado zinayo.

Koili haina msuguano wa maana, haishiki ekseli, haisukumi gari. Kwa macho ya fundi wa 1912 ingeonekana kifaa kivivu. Lakini kwa mtu anayetafuta ugonjwa ni neema, kwa sababu kila dalili sasa ina anwani. Likibembea, shokapu. Likivuta upande, mikono na bushi. Likilala upande mmoja likiwa limesimama, springi.

Henry Ford hakukubali. Magari yake ya abiria yaliendelea na springi zilizolazwa kwa upana hadi modeli za 1948, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Na chini ya malori ya mizigo, hapa kwetu na kwingineko, mabapa bado yapo, bado yana kazi zaidi ya moja, na ukiliona lori mbele yako kwenye lami linakwenda kiupandeupande kama kaa, unajua pa kuanzia: tafuta kamba.